Kutoka Pugu hadi Pande: siku sita kwenye ukingo wa moto

Siku ya kwanza: Gongo la Mboto hadi mpaka wa msitu wa Pugu

Tunatembea siku sita kuangalia moto wa msituni kuzunguka Dar es Salaam, na wiki ya tatu ya Septemba imechaguliwa kwa makusudi. Masika yaliisha Mei, vuli haijaanza, na nyasi zilizonenepa kwa mvua za Aprili sasa zimekauka zikiwa bado zimesimama. Njia ni hii: Pugu, Kazimzumbwi, mashamba ya Kisarawe, Ruvu Kusini, kisha kuufuata mto Msimbazi kurudi mjini na kumalizia Pande, upande wa pili wa jiji. Kote huko panafikika kwa daladala na bodaboda.

Gongo la Mboto saa 1 asubuhi bado kuna ubaridi, na abiria wengi wamevaa sweta. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanasikia Ulaya na Marekani misitu inaungua katika kiangazi chao, Juni hadi Septemba, joto likipanda hadi nyuzi 40, wanadhani moto wa msituni ni mtoto wa joto. Huku kwetu miezi hiyohiyo ndiyo ya kipupwe, na misitu inaungua vilevile. Moto wa msituni unasubiri ukavu. Jua la Januari linachoma ngozi kuliko la Agosti, lakini ni Agosti na Septemba ambapo nyasi zimemaliza miezi mitatu bila mvua ya maana huku upepo wa kusi ukizipangusa kila mchana.

Pugu Kajiungeni barabara inagawanyika, moja inakwenda Chanika na nyingine Kisarawe. Tunafuata ya Kisarawe hadi nyumba zinapoanza kuachana na vilima vinapoinuka. Kazi ya kwanza ni kupima chakula cha moto, yaani nyasi na majani yanayoulisha, na kipimo hakihitaji mashine. Chuma vijiti 10 vya nyasi kutoka sehemu tofauti, kimoja kimoja, uvikunje katikati. Kijiti kibichi hujipinda. Kikavu huvunjika kwa mlio. Vikivunjika chini ya 5, moto ukiwashwa hapo huhangaika na mara nyingi hufa wenyewe. Vikifika 8, moto hukimbia. Leo kando ya barabara vimevunjika 9.

Unene nao una hesabu yake. Nyasi na majani yenye unene usiozidi milimita 6 hukauka au kulowana ndani ya saa moja hivi. Vijiti vya hadi sentimita 2.5 huchukua kama saa 10. Matawi ya hadi sentimita 7.5 ni siku nne, na magogo makubwa kuliko hayo huhitaji wiki nyingi. Ndiyo maana manyunyu ya alfajiri hayana faida kwa yeyote anayetaka kuchoma shamba: kufika saa 5 asubuhi nyasi zimeshasahau, wakati gogo lililokauka tangu Juni halikuwahi hata kujua kwamba kulinyesha.

Na nani anawasha? Radi za pwani huja na mvua. Katika miezi mikavu hakuna radi ya kusingizia. Kila moto utakaokutana nao kati ya Juni na Oktoba kwenye vilima hivi una mkono wa mtu nyuma yake: shamba lililochomwa likamshinda mwenyewe, tanuri la mkaa, mwenge wa mrina asali, mchungaji anayetaka majani machanga, mwindaji, takataka zilizochomwa nyuma ya nyumba, kipisi cha sigara. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwa kuwa mkono unaweza kuzuiwa.

Siku ya pili: ndani ya Pugu

Kuingia ni kwa utaratibu. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na unalipia kiingilio na kupewa mwongozaji. Pugu na Kazimzumbwi zilitangazwa hifadhi tangu enzi za ukoloni, na sasa zinasimamiwa pamoja kama hifadhi ya mazingira asilia. Watu wengi huja kwa ajili ya mapango ya udongo mweupe wa kaolini, ambako popo hutoka kwa maelfu jua likizama. Sisi tunatafuta mstari: mahali moto ulipokoma mwaka jana.

Haupotei. Kutoka barabarani unapita kwanza nyasi zinazofika kiunoni, halafu vichaka vyenye mashina meusi, halafu ghafla hewa inabadilika. Chini ya miti mikubwa kuna kivuli, majani yaliyooza ni laini na yana unyevu hata mwezi huu, na nyasi hakuna kabisa. Shika kiganja cha majani ya chini, ukikamue. Pale nje yanasagika kuwa unga. Hapa ndani yanabaki kama kitambaa. Msitu wa pwani uliofunga haushiki moto kirahisi. Upepo hauingii, jua haliingii, na bila nyasi moto hauna cha kukimbilia.

Kwa hiyo moto hauuli msitu huu kutoka katikati. Huula pembeni. Mtu anakata mti mmoja mkubwa kwa ajili ya mkaa au mbao, paa linatoboka, jua linafika chini, na baada ya masika moja nyasi zimeota pale palipokuwa na kivuli. Kiangazi kinachofuata moto wa nje una njia ya kuingilia. Unaunguza miche yote, unaua miti yenye gamba jembamba, paa linatoboka zaidi, nyasi zinaongezeka. Mwaka hadi mwaka ukingo unarudi nyuma hatua chache, kimyakimya, bila moto hata mmoja kuwa mkubwa kiasi cha kutangazwa redioni. Tunaliweka hili mbele ya yote tutakayoyasema hadi siku ya sita, kwa sababu watu husubiri moto wa kutisha wakati huu mdogo wa kila mwaka ndio unaomaliza kazi.

Gamba ndilo linaloamua mti gani unapona. Chini ya gamba kuna utando mwembamba unaokuza mti, na utando huo hufa joto lake likifika kama nyuzi 60. Miti ya miombo ina gamba nene, tena huchipua kutoka mizizini baada ya kuungua. Imeishi na moto kwa maelfu ya miaka. Miti mingi ya msitu wa pwani haikuzaliwa kwa maisha hayo. Unaweza kuikuta imesimama na majani yake mwezi mzima baada ya moto, ukadhani imepona, kumbe shina limekwisha kufa pande zote na kukauka kwake ni suala la wiki. Piga kisu kidogo kwenye gamba: chini yake pakiwa na weupe au ukijani wenye maji, upande huo uko hai, pakiwa na kahawia kavu, umekufa.

Mti wa msandarusi unastahili tusimame tuutazame. Utomvu wake, sandarusi, ulipelekwa kupitia Zanzibar hadi Ulaya na Marekani katika karne ya 19 kutengenezea vanishi, na utomvu huo hushika moto vizuri mno. Shina lenye jeraha linalovuja huwaka kama utambi hadi juu.

Mashina yaliyoungua pia yanakuambia moto ulikotoka. Moto unaosukumwa na upepo hujipinda nyuma ya shina na kupanda juu zaidi upande ule upepo unakokwenda. Kusi huja kutoka kusini mashariki, basi weusi mrefu huwa upande wa kaskazini magharibi. Ukipata mashina manne, matano yanayokubaliana, geuka uelekee upande wenye weusi mfupi, na kutembea kwako kutakupeleka kwenye chanzo. Hapa mashina yanatupeleka kwenye mkuza wa nguzo za umeme. Ukanda ule umefyekwa miti ili isiguse nyaya, ambalo ni jambo la lazima, ila nyasi zilizokatwa zimeachwa zilale palepale zikauke. Nyasi zilizolala zikiwa zimelundikana huwaka kwa muda mrefu na kwa joto kali kuliko zilizosimama. Kufyeka bila kukusanya kunahamisha tu hatari kutoka juu kwenda chini.

Ndani ya msitu huu anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Dunia nzima anajulikana katika vipande vichache tu vya msitu wa pwani ya Tanzania, na vingi vya vipande hivyo ni vidogo. Hawezi kuvuka kilomita za mashamba na nyumba kutafuta msitu mwingine.

Siku ya tatu: Kazimzumbwi, kwenye majivu ya tanuri

Leo ni siku ndefu kuliko zote, na haikwepeki, kwa sababu jiji la watu zaidi ya milioni 5 linapika, na sehemu kubwa bado inapika kwa mkaa.

Tanuri la udongo linajengwa hivi. Miti inakatwa vipande vya mita 1 hadi 1.5 na kuachwa inyauke. Magogo yanapangwa juu ya vijiti vya kulalia ili hewa ipite chini, manene katikati, membamba yakiziba mianya. Juu yanatandazwa majani mabichi na nyasi, halafu udongo wenye unene wa sentimita 15 hadi 20. Moto unawashwa upande mmoja kupitia tundu, ukiisha kushika tundu hilo linazibwa, na matundu madogo ya moshi yanaachwa. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka kwenye mti. Ukigeuka samawati na mwembamba, maana yake mkaa wenyewe umeanza kuungua na tundu lile linatakiwa kuzibwa. Tanuri la kawaida huchukua wiki moja au zaidi, pamoja na siku kadhaa za kupoa.

Kosa liko wapi? Magogo yakigeuka mkaa hupungua ujazo, tanuri linatitia, udongo unapasuka. Ufa mmoja wa upana wa kidole unatosha kuingiza hewa, na ndani ya nusu saa pana ndimi zinazotoka nje. Mchomaji anapaswa kuwepo usiku na mchana akiwa na jembe na udongo wa ziada, lakini anayechoma kwa kujificha hawezi kukaa hapo. Anawasha, anaondoka, anarudi baada ya siku mbili kuangalia. Nyasi za kufunikia huchumwa jirani, mabaki yake yanazagaa kuzunguka tanuri, na cheche ya kwanza inapata kitanda kilichotandikwa tayari. Kosa la mwisho ni kufungua mapema. Mkaa unaoonekana mweusi na uliopoa unakuwa na kaa jekundu ndani; ukiupakia kwenye gunia, hewa inaufikia, na moto unaanza saa kadhaa baadaye, wakati mwingine ukiwa juu ya baiskeli au pikipiki njiani.

Mahali ambapo uchomaji una kibali, mambo manne yanapunguza hatari kwa sehemu kubwa: kusafisha udongo mtupu wa mita 5 kuzunguka tanuri, kulijenga tambarare wala si kwenye mteremko, kutoliacha peke yake, na kusambaza mkaa uliotolewa juu ya udongo kwa saa 24 kabla ya kuufunga.

Hesabu ya kuni inauma. Tanuri la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za mti mkavu. Gunia la kilo 50 limekula robo tani hadi nusu tani ya mti, na magunia mengi yaliyofungwa kwa rumbesa yana uzito kuliko huo. Mama lishe wa Buguruni anayenunua mkaa wa kopo kila asubuhi hana kosa la kutwishwa. Gesi inataka fedha nyingi kwa mkupuo, mkaa unakubali kununuliwa kidogo kidogo. Serikali ilianza na wakubwa: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Huo ni mwanzo wa busara, kwa kuwa jiko la shule moja hula kuni za mitaa mizima.

Tanuri la zamani linatambulika kwa duara jeusi lenye upana wa mita 3 au 4, udongo umeungua hadi kuwa mwekundu kama tofali. Ndani ya duara hilo mbegu zimekufa, na hata baada ya mvua kadhaa huota magugu tu pembezoni. Hapa Kazimzumbwi tumepita maduara ya namna hiyo yaliyofuatana kama vituo vya basi, na kuanzia kwenye kila moja nyasi zimeanza kushuka bondeni.

Siku ya nne: mashamba ya Kisarawe

Mkulima anayechoma shamba ana sababu. Moto unamaliza kazi ya wiki kwa saa mbili, unaua kupe na mbegu za magugu, na majivu yanampa mazao ya mwaka wa kwanza chakula. Kumwambia aache bila kumpa njia nyingine ni kupoteza pumzi. Ni heri achome vizuri kuliko achome usiku kwa hofu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka apate ruhusa kabla ya kuwasha; kwa kijijini anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na anapobisha hodi kwa jirani kumpa taarifa, awe amekwenda angalau siku mbili kabla.

Uchomaji salama wa ekari moja unataka watu wasiopungua 5, maji ya ndoo kadhaa au bomba la kupulizia dawa la lita 16 lililooshwa vizuri, majembe na mafyekeo. Kwanza unakusanya mabaki yote kuelekea katikati, mbali na mpaka. Unasafisha kinga moto, yaani ukanda wa udongo mtupu kulizunguka shamba lote, wenye upana wa mita 3 pande za kawaida na mita 5 au zaidi upande upepo unakokwenda na upande wa mlima. Unasubiri jioni, saa 11, upepo ukipungua na unyevu ukianza kurudi. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni usiguse kiberiti.

Halafu inakuja hatua ambayo wengi huigeuza. Unawasha kwanza upande ule upepo unakokwenda, ili moto urudi nyuma taratibu dhidi ya upepo. Ukishaunguza ukanda wa mita 5 hadi 10, unawasha pande mbili za ubavuni, na mwisho kabisa upande upepo unakotoka. Ndimi zitakimbia kwa fujo, lakini zitakutana na eneo lililokwisha kuungua na kufa. Ukianzia upande upepo unakotoka kwa sababu ni karibu na nyumbani, umerusha moto mzima kwenye kinga yako ya mita 5 na unaomba Mungu.

Yanayoharibika hata kwa waangalifu ni haya: kisulisuli kinachozuka juu ya majivu ya moto na kubeba cheche kuvuka kinga; kisiki chenye uwazi kinachofuka chini kwa chini siku tatu; na uchovu, watu wakienda kula kabla moshi haujaisha. Rudi kesho yake asubuhi. Pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki, bila kukigusa, usikie joto. Kilicho na joto chimbwe, kimwagiwe maji, kikorogwe na udongo.

Kisarawe ni nchi ya korosho, na hapa moto una hasara ambayo mtu anaihesabu kwa shilingi. Mikorosho huchanua kipindi hikihiki cha ukavu na mavuno huanza Septemba na Oktoba. Moto wa nyasi chini ya mkorosho usiofyekewa unababua maua na matawi ya chini. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka, hivyo korosho zilizodondoka zinaongeza moto palepale shinani. Mkorosho mkubwa ulioungua nusu unaweza kurudi, ila mwenye shamba amepoteza msimu. Kufyeka na kufagia duara la mita 3 kuzunguka kila shina kabla ya Julai ni kazi ya vijana wawili kwa siku chache, na ni bima nafuu kuliko yoyote.

Kuhusu asali, kwa ufupi: mwenge wa majani makavu ndio unaoangusha makaa. Bomba la moshi linafanya kazi ileile bila kudondosha kitu, nyuki hawafi, na mrina anakuja tena mwakani kwenye mzinga uleule.

Siku ya tano: Ruvu Kusini

Msitu huu ni mkubwa kuliko Pugu na Kazimzumbwi kwa mbali, na ni mchanganyiko: vipande vya msitu wa pwani, miombo, na uwanda wa nyasi. Hapa hukumu yetu juu ya moto inabadilika. Katika miombo, moto mwepesi wa Juni, wakati nyasi bado zina ubichi, unateketeza chakula cha moto wa Septemba na haudhuru miti. Kuukataza moto wote kila mahali kwa miaka kadhaa ni kuweka akiba ya nyasi na matawi kwa ajili ya siku mbaya. Zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, na kubwa yake ni nyasi na miombo zinazoota tena. Kinachotakiwa ni kujua umesimama kwenye msitu wa aina gani kabla ya kuamua.

Moto kichaa ukishatoka, una kichwa, mbavu na mkia. Kichwa ndicho kinachokimbia na upepo. Wazimaji wasio na uzoefu hukimbilia kichwani na huko ndiko watu wanakofia. Anza mkiani, upande ulioungua, mpande ubavuni mkipiga ndimi kwa matawi mabichi au vipande vya tairi vilivyofungwa mtini, mkizikandamiza chini bila kuzipepea, kisha mfinye kichwa kikipungua. Ndimi zenye urefu usiozidi mita 1.2 mnaweza kuzikabili kwa mkono. Zikizidi hapo, rudini nyuma, safisheni kinga mbali, na muwashe moto wa kupokea, yaani wa kwenda kukutana na ule mkubwa ili ukose chakula, kama yupo anayejua kufanya hivyo. Kwenye mteremko kumbukeni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 za mwinuko karibu huongeza mara mbili mwendo wa moto unaopanda; msisimame juu ya moto, hata kama inaonekana ndiyo njia fupi. Mavazi ni pamba, mikono mirefu, viatu vilivyofungwa. Nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Mmoja wenu asishiriki kuzima. Asimame pembeni aangalie upepo na njia ya kutokea. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ipigwe mapema, na mtoa taarifa aeleze njia ambayo gari linaweza kupita.

Hilo la njia ni zito. Juni 2017 huko Pedrógão Grande, Ureno, walikufa watu zaidi ya 60, wengi wao barabarani wakikimbia kwa magari ndani ya moshi. Julai 2018 kule Mati, Ugiriki, moto ulishuka na upepo kupitia misonobari iliyokuwa kati ya nyumba, na zaidi ya watu 100 wakafa, baadhi wakishindwa kuipata njia ya kwenda baharini hatua chache tu mbele yao. Vichochoro vipya vinavyopanda vilima vya Pugu, vingine vikiishia kwenye ukuta wa mtu, vinatutia hofu kwa sababu hiyohiyo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kufanya jambo moja bila bajeti: kuhakikisha kila kichochoro kina mlango wa pili.

Kwa nyumba iliyo karibu na msitu, mita 2 za kwanza kutoka ukutani ziwe udongo mtupu, na hadi mita 10 nyasi zisipite kifundo cha mguu. Kuni, mkaa na mtungi wa gesi visikae upande wa msitu. Banda la makuti ndilo litakaloshika kwanza. Cheche zinasafiri mbele ya moto wenyewe.

Siku ya sita: Msimbazi, Jangwani, Pande

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Asubuhi tunaufuata ukiwa kijito cha kuruka, kisha Kinyerezi, Vingunguti, Kigogo, na hadi Jangwani umekuwa bonde pana lililojaa mchanga, likielekea mikoko na daraja la Selander. Mchanga huu ulitoka juu. Kilima kilichoungua Septemba hakina majani ya kuvunja nguvu ya tone la mvua. Vuli ikipiga Novemba, tone linapiga udongo mtupu, chembe laini zinaziba vitundu vya ardhi, maji yanateleza badala ya kuzama, na yanabeba majivu na mchanga. Kitanda cha mto kinainuka. Mvua ileile iliyotosha ndani ya kingo zamani, sasa inafurika. Moto hauko peke yake katika hili. Uchimbaji wa mchanga, ujenzi bondeni na takataka vina sehemu kubwa, na kwa jiji pengine kubwa zaidi. Lakini mtu wa Jangwani anayeona moshi juu ya Pugu anaona kitu kinachomhusu.

Moshi wenyewe unafika kabla ya maji. Usiku hewa ikitulia, unatelemka na kulala mabondeni. Chembe zake za kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupita kwenye pua na koo hadi ndani ya mapafu, na wanaoumia kwanza ni watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu. Kitambaa chenye maji usoni hakizichuji. Dirisha la vioo vya kupangwa lenye wavu wa mbu halizizuii. Chagua chumba kimoja, ziba mianya kwa vitambaa, usipikie humo wala kuwasha udi au dawa ya mbu ya kuchoma, na dawa ya pumu ya kuvuta iwe mkononi.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi wa waliopoteza makazi mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Huko ndiko tunakomalizia, kwa sababu Mabwepande imepakana na msitu wa Pande, pori la akiba la kilomita za mraba 15 tu, mojawapo ya makazi ya yule komba wa Rondo. Maji yaliwatoa watu penye mto yakawaleta penye moto. Miaka hii yote nyumba zimesogea hadi kwenye mpaka, na takataka za nyuma ya nyumba zinachomwa pale ambapo nyasi zinaanza.

Jua linazama. Kazi zinazobaki kabla ya vuli zinaonekana kwa macho: ukanda wa mita 5 kando ya nyumba za mwisho, mashimo ya takataka yenye kina cha mita 1 na kifuniko cha bati, vichochoro viwili vya kufunguliwa. Ni wikiendi mbili za watu 30. Saa 1 na nusu usiku komba wa kwanza analia ndani ya miti. Kutoka miti hiyo hadi nyasi za mpakani ni hatua 60 hivi. Nyasi zinafika kifuani, na katika vijiti 10 tulivyokunja, vimevunjika 10.